Pengo Katikati ya "Nateremka"

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kuwasha mashine hata moja. Mkuu wa Mitambo wa studio ya misheni, mzee mfupi aliyenyoosha suruali yake kwa pasi hata siku za mvua, alinikabidhi chupa ya spiriti na furushi la pamba. Akaniambia nisafishe vichwa vya rekoda mpaka pamba itoke nyeupe. Vichwa ni vile vipande vidogo vya chuma ambavyo utepe hupita juu yake na sauti ikanaswa. Nikasugua mpaka saa sita mchana. Akaja, akaitazama pamba, akasema, "Bado." Nikasugua tena. Nilikuwa kijana wa Urambo, Mnyamwezi mwenye cheti cha umeme na kiburi cha kutosha, nikajisemea moyoni, hivi nimepanda treni kutoka kote huko nije kufuta vumbi?

Ninyi mnaorekodi wimbo kwenye simu mkiwa mmelala kitandani mtacheka, na mcheke tu. Sisi tulirekodi kwaya za vijiji vya Uluguru kwa maiki mbili. Waimbaji walishuka mlimani na viatu mkononi, wakavivaa mlangoni. Akikohoa mmoja, wote wanarudia mwanzo. Padre Mkurugenzi akipita dirishani tunanyooka wote, hata wale wa sauti ya nne.

Mkuu wa Mitambo alinifundisha kukata utepe kwa wembe. Unausogeza kwa vidole polepole mpaka ulipatapo neno baya, unaweka alama kwa penseli, unakata, unaunga kwa gundi ya karatasi. Kile kipande ulichokikata hukitupi. Pale ukutani palikuwa na msumari mrefu, na kila kilichokatwa kilitundikwa pale, kikaning'inia mpaka kazi itoke na mwenyewe aridhike. Siku moja nilitupa kipande cha kikohozi cha katekista. Aliniokotesha taka zote za pipa mpaka nikakipata.

"Mzee, ni kikohozi tu," nikamwambia.

"Leo ni kikohozi. Kesho utakata nini?"

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililonifanya nikawa fundi mzuri, na sijui kama nimshukuru. Alisema, "Usisikilize maneno. Maneno ni ya mtangazaji na padre. Wewe sikiliza sauti." Nikazoea. Mtu anaweza kusoma risala ya msiba mbele yangu, mimi nikasikia herufi P inavyopiga maiki na pumzi inavyoingia. Ukiniuliza kasema nini, sijui. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliteseka sana na tabia hiyo.

Studio ya misheni ilipofungwa nikahamia mjini, juu ya duka la vitambaa la Bosi Kanti. Huyu alikuwa Mhindi wa Morogoro, kazaliwa hapa, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Alianza kwa kuuza kaseti mbele ya duka, mwisho akaona afadhali azitengeneze mwenyewe. Akanunua kompyuta. Nilipoiona mara ya kwanza nilichukia, maana sikuona wembe wala utepe, sauti imekuwa milima ya kijani kwenye kioo. Nikajifunza lakini, nikaipenda kuliko ilivyostahili.

Hapo ndipo alipoingia Deo. Alikuja na lori la kabichi kutoka Mgeta, amekaa juu ya mzigo, na ndiyo maana vijana wa stendi walimwita Kabichi wakidhani wanamtukana. Yeye akalichukua jina, akalivaa. Alisimama mlangoni na sweta la mlimani, jua la Morogoro linamkaanga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unaimba?"

"Siimbi. Nachana."

"Unachana nini?"

"Mistari, Fundi. Nipe biti uone."

Nikampa biti, yaani mdundo mtupu wa kompyuta. Jamani, yule kijana! Hakuwa na karatasi. Mistari yote ilikuwa kichwani, inatoka imenyooka, hakurudia hata mara moja. Bosi Kanti alipanda kutoka dukani na futi ya kupimia vitambaa shingoni, akasimama akatikisa kichwa mpaka wimbo ukaisha. Akaniambia, "Huyu usimwache aende kwa mwingine."

Tulifanya naye nyimbo nyingi, na uliomtoa, ule ambao hata asiyempenda anaujua, ni "Nateremka." Ubeti wa kwanza anateremka na lori, wa pili anateremkia mjini na matusi yake. Wa tatu aliutaka kwa Kiluguru. Alitaka kuwaita bibi zake, mama wa mama yake na mama wa yule, kwenda nyuma mpaka tisa. Kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama, wanauita lukolo, na majina yale ndiyo hati ya kuonyesha wewe ni nani na unalima wapi. Mama yake alikuwa ameyashika yote kwa mpangilio, kama alivyopewa na mama yake.

Deo hakuthubutu kuyataja kabla ya kuomba ruhusa, na mama akasema hatoi ruhusa kwa mahali asipopaona. Basi akashuka kutoka Mgeta. Mwanamke mwembamba, rozari shingoni, kidumu cha togwa, kinywaji cha nafaka, mkononi. Alitusalimia, akazunguka studio nzima, akagonga kuta zilizobandikwa magodoro, akauliza, "Mashine yenyewe ni ipi?" Nikamwonyesha. Akamimina togwa kidogo sakafuni mbele ya kompyuta, akasema maneno yake taratibu. Bosi Kanti alikuwa amevua viatu. "Kwetu nasi wazee wanaitwa hivihivi," akaninong'oneza.

Kisha mama akamgeukia mwanawe. "Wataje mara moja. Hawa hawaitwi kila siku kama kuku." Halafu akaniangalia mimi. "Na wewe uwatunze."

"Nitawatunza, mama," nikasema. Ahadi ilinitoka kirahisi tu.

Deo akaingia chumba cha maiki, akawataja mara moja. Mimi nilikuwa kwenye mikisa, ile meza ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Nilishusha kidogo pale alipokaribia maiki. Nilipomaliza kuchanganya, mama akasikiliza wimbo mzima amefumba macho, akasema basi, akaondoka na lori la saa nane.

Tukaupeleka redioni. Meneja wa Vipindi aliusikiliza mpaka ubeti wa tatu, akapiga simu. "Wimbo mzuri sana, lakini hiyo lugha ya nyumbani iondoke. Hewani ni Kiswahili. Mtu wa Lindi ataelewa nini hapo?" Siku hizo ndiyo ilikuwa hivyo, na sikuona ajabu. Nikamweleza Deo.

"Kateni ya redio," akasema. "Ila ile yenye bibi zangu uniwekee, Fundi. Isiguswe."

"Itakaa."

Nikakata. Sikuwa na ubeti wa kuziba, na Deo hakutaka kuweka mistari mingine juu ya mahali pa bibi zake, kwa hiyo nikaacha mdundo utembee mtupu. Juma hilohilo kwaya kutoka Matombo ilikuwa imeshafika, watu arobaini kwenye ngazi za duka, na diski ya kompyuta imejaa. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo, na desturi yetu ilikuwa kazi ikishatoka kwenye CD, zile sauti mbalimbali zilizoijenga tunazifuta tupate nafasi. Bosi Kanti akapaza sauti kutoka chini, "Fundi, watu wa Mungu wanasimama juani!" Nikafungua kazi ya Deo, nikachagua vyote, nikafuta. Nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Nilikuwa nimesahau kuunakili kwanza ule wimbo wenye ubeti wa tatu, na CD tuliyopeleka redioni walikuwa wameshaitupa. Nilikumbuka jioni yake, nikiwa nafunga mlango, nikarudi kuiwasha kompyuta, sikukuta kitu.

Ningesema siku ile, mama alikuwa hai, kijana ana sauti, angeshuka tena na togwa yake, tungeomba radhi, tungerudia. Ningetukanwa kidogo, yakaisha. Lakini nilikuwa Fundi. Mji mzima unaniita Fundi. Niliona aibu, ndugu zangu, aibu tu, hakuna sababu nyingine kubwa. Nikasema nitamwambia kesho.

Wimbo ukalipuka. Na ajabu, watu walichokipenda kuliko vyote ni lile pengo. Ubeti wa pili ukiisha, mdundo unabaki peke yake, watu wanainua mikono na kupiga kelele za furaha mpaka kiitikio kirudi. Kwenye maonyesho Deo alikuwa anashusha maiki pale, anasimama kimya, anatazama chini. Watu wakaona ni staili. Vijana wa Dar wakaiga. Watangazaji walinihoji, "Mzee, wazo la kunyamaza pale mlilipata wapi?" Nami, mjinga mimi, nikajibu kwamba muziki unahitaji kupumua. Nilijibu hivyo miaka na miaka. Nimepewa hata cheti chenye fremu kwa ajili ya pumzi hiyo.

Deo alihamia Dar, akarudi, akapanda, akashuka. Hakunisahau hata siku moja. Kila akipita Morogoro lazima aje, na kila akija swali ni lile.

"Bibi zangu wapo, Fundi?"

"Wapo."

"Wakae kwako. Mimi nahamahama, watapotea."

Mara ngapi? Sikuhesabu. Ilifika mahali uongo ukawa salamu, nikaujibu huku nachemsha chai. Bosi Kanti alifariki akiamini vilevile, maana yeye niliwahi kumwambia nimeweka nakala mbili.

Nikastaafu. Masikio yalianza kupiga mluzi, na fundi mwenye mluzi masikioni hana kazi. Nikakaa kwangu Mafiga na kuku wangu, najibu simu za vijana wanaouliza jinsi ya kuondoa mwangwi. Ndipo nikasikia Deo amepatwa na kiharusi. Upande wa kulia umekufa, na maneno yamekwenda. Aliyekuwa anachana robo saa bila karatasi sasa anatafuta neno "maji" mpaka jasho linamtoka.

Walikuja kwangu asubuhi, kwa bajaji, yeye na mpwa wake Editha, binti wa marehemu dada yake, mwalimu wa sekondari anayekaa Kilakala. Editha aliinama kwa adabu. "Shikamoo, babu." Tukamsaidia Deo kukaa kwenye kochi. Editha akaeleza kwamba wanakusanya nyimbo bora zote za mjomba kwenye albamu moja, "Mzigo Wote," watu waijue kazi yake yeye akiwa bado anawaona. Na wimbo wa kwanza uwe "Nateremka" iliyo kamili.

"Tumekuja kuchukua bibi," akasema, anatabasamu.

Nikamwambia ngoja nitafute. Nikaingia chumba cha ndani, nikafungua sanduku la CD nilizozijua zote moja moja, nikakaa sakafuni. Niligongagonga makava ili wasikie natafuta. Mtu mzima mwenye mvi, nimejifungia chumbani nagonga makava! Editha akaanza kuzungumza kutoka sebuleni, taratibu, bila kujua ananifanya nini.

"Bibi, mama yake mjomba, nilimuuliza kabla hajafa, babu. Mimi ndiye ninayetakiwa kuyashika yale majina, mjomba hawezi kuyapitisha kwa wanawe, wale ni wa ukoo wa mama yao. Nikamwambia bibi nifundishe, nimeleta daftari. Alikuwa amechoka sana. Akasema usijisumbue, yote yapo kwa mjomba wako mjini, yamewekwa kwenye mashine kwa yule Mnyamwezi. Nikafunga daftari."

Nikatoka mikono mitupu. Nikasimama mbele yao nikasema, "Hawapo. Niliwafuta juma lilelile. Nimekuwa nakudanganya, Deo."

Editha hakuelewa mara moja. "Umewafuta leo?"

"Zamani. Kabla wimbo haujatoka redioni."

"Lakini kila mwaka unamwambia wapo."

"Kila mwaka."

Deo alinitazama. Jicho la kushoto likajaa machozi yakateremka, na upande wa kulia wa uso ukabaki vile ulivyo, kama hauhusiki. Alifungua mdomo, akaufunga. Afadhali angenitukana. Kijana huyu alijua matusi ya mashairi, angenichana nikachanika, na nilikuwa nayastahili yote. Hakuwa nayo tena.

Editha akanishika mkono, akaubana. "Babu, wewe ulikuwepo. Uliyasikia. Hata moja tu. Jina la mwanzo lilikuwa nani?"

Nilifumba macho nikarudi kwenye kile chumba. Naapa nilikumbuka kila kitu. Nilikumbuka alivyosogea maiki, pumzi aliyoivuta kabla ya kuanza, na ile sauti ya "m" nzito iliyonifanya nishushe kitufe. Niliusikiliza ubeti ule mara ishirini nikiuchanganya, na mara nyingine kadhaa nikitafuta pa kukata. Majina hayakuwemo. Kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri mno.

"Sikumbuki hata moja, mwanangu," nikamjibu.

Akaondoka bila kuaga. Kule kwetu na hapa kwao, mtu wa umri wake akimwacha mzee bila kuaga, mzee anajua. Niliwasindikiza hadi bajaji, nikamfunga Deo sweta, hakunizuia.

Mwezi mzima sikumsikia Editha. Baadaye nikaambiwa alipanda Mgeta, akalala kule siku nne, akawatafuta vikongwe wa lukolo lao. Wawili walikuwa wamekwisha kufa, mmoja akampa majina mawili, kesho yake akayakana. Ardhi ya bibi imeanza kugombaniwa na watu wa ukoo mwingine, na kwenye baraza Editha aliulizwa ataje waliomtangulia, akataja bibi yake na mama wa bibi yake, akanyamaza. Wapinzani wake walitaja saba. Yaliyofuata mnaweza kuyajaza wenyewe.

Aliporudi alikuja na kinasa sauti kidogo, akakiweka mezani. Hakunisalimia. "Sema palikuwa na nini pale," akaniambia. "Maneno yako nitayaweka kwenye pengo. Mjomba nimemuuliza, ameitikia kwa kichwa."

Miaka yote nimerekodi watu, sijawahi kujirekodi. Sauti yangu ilitetemeka, nikasema tena, ikatetemeka tena, akasema inatosha.

Wananiuliza vijana, mzee, unatuachia usia gani wa kazi? Sina kikubwa. Mkikata kitu, kiacheni mahali kinapoonekana. Mkikosea, semeni siku ileile, aibu ya siku moja inavumilika. Na mara mojamoja vueni hivyo vya masikioni, mmuulize mtu, ulichosema hapo ni nini? Mimi sikumuuliza Deo. Alikuwa mita mbili kutoka kwangu, nyuma ya kioo.

Albamu ilizinduliwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mmoja mjini. Walijaa watu wazima waliokuwa vijana enzi zake, wengine na watoto mabegani. Deo aliwekwa mbele kwenye kiti cha magurudumu, Editha kushoto kwake, na sijui kwa nini, akaniwekea mimi kiti kulia. Ikapigwa "Nateremka." Ukumbi wote ulichana ubeti wa kwanza pamoja na sauti yake ya ujana, ukachana wa pili. Ubeti wa pili ukaisha, mikono ikapanda juu, kelele zikaanza. Ndipo ikatoka sauti ya mzee, mbovu, inayotetemeka: "Hapa waliitwa bibi tisa wa Deo, kwa Kiluguru. Mimi ndiye fundi niliyewafuta."

Kelele zikakatika. Mikono mingi ilibaki juu, wenye mikono hawajui waishushe au la. Mdundo ukaendelea peke yake.

Nilimwona Deo anakunja vidole vya mkono wa kushoto, ule mzima. Gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, na kwa kila kidole midomo yake ilicheza. Akavikunjua, akaanza tena, akakunja vinne, akaacha. Editha alikuwa ameona. Akapiga magoti sakafuni akaweka sikio kwenye mdomo wake. Deo akarudia, vitano, kisha vinne. Editha akainua uso, akanitazama, akatikisa kichwa, akasogea kunipisha.

Nikainama. Nikaweka sikio langu pale, karibu kabisa, mpaka nikahisi pumzi yake shavuni. Alianza upya kwa ajili yangu, polepole, kidole kwa kidole. Zilikuwa pumzi tisa, na sikusikia jina hata moja.